Nina shilingi 85,000 na mchanga wa Mrima: ninunue kigunduzi gani cha alfa?

Mzee wa Maabara, shikamoo.

Mimi ni msichana wa Likoni, mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya fizikia katika chuo kimoja hapa Mombasa. Utafiti wangu ni kupima thoriamu, metali yenye mionzi, iliyomo kwenye mchanga na udongo wa kilima cha Mrima, kule Kwale, kwa njia ya spektra ya alfa. Msimamizi wangu alilipenda wazo, pendekezo likapita, nikaanza kukusanya sampuli. Ndipo nikagundua kwamba chumba cha alfa cha maabara yetu kilikufa kabla sijajiunga. Pampu imetolewa ikapelekwa kwingine, na kigunduzi chenyewe hakuna ajuaye kiliko. Nikaambiwa nitafute njia yangu.

Nina shilingi 85,000. Kati ya hizo 35,000 ni msaada mdogo wa utafiti, na 50,000 ni zamu ya mama kwenye chama chao. Mama anauza viazi karai na bhajia karibu na kivuko cha feri. Alinikabidhi zile noti zikiwa kwenye mfuko wa nailoni wa mkate, hakuniuliza swali hata moja. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mpaka sasa nina njia tatu. Kuna mtu wa Nairobi anauza kipimo cha Geiger chenye dirisha la maika, 42,000, na ananihakikishia kwamba nikiweka programu yake kwenye simu kitanitolea spektra. Kuna muuzaji wa ng'ambo mwenye kigunduzi cha silikoni kilichotumika, cha aina ile yenye utando wa dhahabu, anataka kama shilingi 65,000 kabla ya usafiri na ushuru, na amenipa mpaka Ijumaa. Halafu kuna mwenzangu darasani anayesema nisinunue lolote, nichukue fotodiodi (kihisi mwanga kidogo cha silikoni) ya bei ya soda na kipande cha amerisiamu kutoka kwenye king'ora cha moshi, nijitengenezee.

Hiyo ya tatu nimejaribu nusu. Nilinunua fotodiodi BPW34, nikaiunga na kikuza (amplifaya) nilichokichora mwenyewe, nikaifunika gizani pamoja na utambi wa karabai ya marehemu babu, ambaye alikuwa mvuvi wa usiku. Nimesikia kwamba tambi hizo zilikuwa na thoriamu. Nilikaa mpaka saa nane za usiku sikuona hata pigo moja. Nililia, Mzee, sikufichi.

Ninunue kipi? Au nimrudishie mama pesa zake nibadilishe mada kabisa?

Binti wa Likoni

*

Marahaba, binti yangu. Nianze na la dharura: Ijumaa usilipe. Hicho kikomo ni cha muuzaji. Jumamosi ikifika ukiwa bado na pesa zako, hakuna kitakachoharibika katika utafiti wako.

Umeniuliza kuhusu kigunduzi, lakini mimi barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara jicho langu linakwama kwenye neno moja, mchanga. Alfa ni kiini cha heliamu kinachorushwa na atomu nzito, na kila atomu hurusha kwa nishati yake: thoriamu-232 kwa 4.01 MeV (elektronivolti milioni, kipimo cha nishati), amerisiamu-241 kwa 5.49, poloniamu-212 kwa 8.78. Tunachofanya kwenye spektra ni kuzipanga alfa kwa nishati zake ili tujue nani kazirusha. Ila alfa haifiki mbali. Hewani, ile ya 5.5 MeV inakwisha ndani ya sentimita 4 hivi. Ndani ya punje ya mchanga inakwisha kwa umbali mfupi kuliko unene wa unywele, na punje yenyewe ni nene mara kumi ya hapo au zaidi.

Sasa jiulize kinachotoka kwenye kijiko cha mchanga ukikiweka mbele ya kigunduzi, hata kiwe kile cha maelfu ya dola. Alfa zilizozaliwa ndani hazitoki. Zilizozaliwa karibu na ngozi ya punje zinatoka, moja imepoteza robo ya nishati, nyingine nusu, nyingine karibu yote. Badala ya vilele, kimoja kwa kila nishati, utapata mteremko mmoja mrefu kama paa la makuti, na kwenye mteremko huo huwezi kusoma jina la mtu. Maabara kubwa hukwepa hili kwa kuuyeyusha mchanga wote kwa asidi, ikiwemo ya haidrofloriki, kisha kuitenga thoriamu kwa resini na kuipaka kwa umeme juu ya kisahani cha chuma, tabaka jembamba lisiloonekana. Hiyo ni kazi ya maabara ya kemia yenye kabati la kuvuta moshi na watu waliofunzwa. Asidi ile hupenya ngozi ikala mpaka mfupa, na usiniambie utaijaribu Likoni.

Kwa hiyo ukali wa spektra yako utaamuliwa na kilichopo kati ya atomu na silikoni, yaani unene wa sampuli, hewa, na kioo au plastiki iliyowekwa juu ya kigunduzi. Bei ya kigunduzi inakuja nyuma ya hayo yote. Ukilishika hili, zile njia zako tatu zinajipanga zenyewe.

Yule wa Nairobi anakudanganya, au mwenyewe hajui anachouza. Mrija wa Geiger wenye dirisha la maika unaziona alfa, hilo kweli. Lakini ndani ya mrija chembe yoyote inayoingia huwasha mmiminiko wa umeme wa ukubwa uleule, iwe imekuja na MeV 2 au 8. Mapigo yote yanatoka na kimo kimoja. Programu ya simu haiwezi kurudisha habari ambayo mrija umeshaifuta. Ni chombo kizuri cha kuhesabu, na kama swali lako lingekuwa "kuna mionzi hapa au hakuna", ningekwambia nunua.

Huenda ukaonyeshwa pia skrini ya salfaidi ya zinki, ile inayometa alfa ikiigonga. Kwa skrini kama hiyo wanafizikia Geiger na Marsden walikaa gizani Manchester mwaka 1909 wakihesabu vimulimuli kwa macho, mpaka wakaona alfa zinazorudi nyuma kutoka kwenye karatasi ya dhahabu. Mpaka leo ni ya kuhesabia. Kupanga nishati haiwezi.

Kile chenye utando wa dhahabu ndicho kilichoniumiza mimi. Zamani, kwenye maabara niliyofanyia kazi, nilikabidhiwa kimoja cha namna hiyo. Uso wake unang'aa kama kioo cha saa. Niliona alama ndogo ya vumbi, nikakifuta kwa pamba kavu, taratibu kabisa. Siku ile ile kelele ya umeme ilipanda na haikushuka tena. Utando ule wa dhahabu ni mwembamba kiasi kwamba kidole, pamba, hata mvuke wa mafuta ya pampu unaweza kuumaliza, na pwani yetu yenye hewa ya chumvi haiuhurumii. Kilichotumika huwezi kujua kimeguswa na nani. Kama siku moja utanunua cha namna hiyo, mtake muuzaji akuonyeshe mkondo unaovuja kikiwa chini ya volti zake, na picha ya spektra ya amerisiamu iliyopigwa karibuni. Akisema "kilifanya kazi kilipotolewa", pita. Isitoshe, baada ya kulipa 65,000 na ushuru juu, utakikaguaje? Kikuza huna, utupu huna. Utakuwa na kito cha kutazama.

Vile vya kisasa vilivyopandikizwa ayoni vinastahimili zaidi, vingine unaweza hata kuvifuta, na vinatenganisha nishati zilizoachana kwa keV 20 hivi (keV 1,000 ni MeV 1). Kipya ni pesa nyingi kuliko ulizo nazo.

Tuje kwa usiku wako wa machozi. Ile BPW34 haikukosea. Imezibwa kwenye plastiki yenye unene unaoweza kusimamisha alfa yoyote duniani. Alfa zilifika mlangoni zikafia pale. Kikuza chako huenda ni kizima kabisa, kwa hiyo usikitupe. Lile wazo la fotodiodi ni sahihi pia. Fotodiodi ya PIN ni silikoni ileile ya vigunduzi vya bei, imetengenezwa kwa ajili ya mwanga lakini alfa nayo inaijua.

Nunua fotodiodi isiyo na kifuniko. Ningependa upate Hamamatsu S3590-09, ambayo ina uso wa sentimita moja kwa moja na unene wa silikoni maikromita 300. Soma hiyo namba ya mwisho mara mbili kabla ya kulipa. S3590-08 ni pacha wake kwa kila kitu isipokuwa imepakwa utomvu wa epoksi juu, na epoksi hiyo itakufanyia yaleyale ya BPW34. Wauzaji huzichanganya, na kwenye picha ndogo zinafanana. Ikifika, ishike kwa pembe za msingi wake mweupe, usiuguse uso wala vile vinyuzi vya pembeni. Nunua mbili, kwa sababu moja utaiharibu wakati wa kujifunza na hilo halina aibu.

Ikikushinda bei, kuna BPX61, ndogo zaidi, kwenye kikopo cha chuma chenye kioo juu. Kioo hicho huondolewa kwa kulikwangua polepole shingo la kikopo kwa tupa, ukiwa umevaa miwani ya kinga. CERN, maabara kubwa ya fizikia ya Ulaya, wametoa mchoro wa wazi wa kipima alfa cha wanafunzi kinachotumia fotodiodi hiyo hiyo na kupeleka mapigo kwenye tundu la sauti la simu. Kasoro yake kwako ni kwamba uso ni mdogo, na volti 9 za betri moja zinafungua tabaka jembamba la silikoni, linalotosha alfa ya amerisiamu kwa shida. Alfa ya 8.78 MeV hupenya kama maikromita 60, na wewe utaihitaji sana hiyo, utaona hapo chini. S3590 ukiipa betri nne au tano zilizofuatana ina nafasi ya kutosha.

Hewa sasa. Alfa ya 5.5 MeV hupoteza karibu MeV 1 kwa kila sentimita ya hewa, na hupoteza kwa kuyumbayumba, kwa hiyo vilele vinahama na kunenepa. Lazima uitoe hewa. Watu husikia neno utupu wakaona pampu za mamilioni, ilhali kwa kazi hii hata ukibakisha hewa moja ya mia, hasara kwa sentimita ni kama keV 10 tu. Pampu ya fundi wa friji na AC, ile anayofyonzea mabomba kabla ya kujaza gesi, inashuka chini zaidi ya hapo bila jasho. Na mji gani una mafundi wa AC kuliko Mombasa? Usinunue pampu. Tafuta fundi, mweleze unachofanya, mkodishe kwa siku mbili tatu. Utashangaa wengi watataka kubaki waone.

Chumba chenyewe usitumie chupa wala mtungi wa kioo. Kila sentimita ya mraba inabeba uzito wa kama kilo moja ya hewa. Mfuniko wa sufuria wa upana wa sentimita 20 unabeba zaidi ya kilo 300. Nenda duka la vifaa vya ujenzi ukanunue kipande cha bomba la chuma la inchi 2 chenye nyuzi ncha zote mbili, urefu wa shubiri, na vifuniko vyake viwili. Kifuniko kimoja kizibe moja kwa moja kwa tepu ya nyuzi. Kifuniko cha pili utakifungua na kukifunga kila siku, kwa hiyo kiwekee pete ya mpira yenye grisi kidogo. Toboa tundu la valvu ya friji, na tundu jingine dogo la kupitishia waya, ulizibe kwa gundi ya epoksi uliyoiacha ikauke usiku kucha. Bomba hilo moja limekupa utupu, giza, na kinga dhidi ya mvumo wa hezi 50 wa umeme wa nyumbani. Fungua valvu polepole. Ukimaliza funga valvu kabla hujazima pampu, la sivyo mafuta yatarudi ndani na kuipaka fotodiodi.

Kikuza. Alfa ya 5.5 MeV ikisimama ndani ya silikoni hufungua jozi za elektroni kama milioni moja na nusu, kwa sababu kila jozi inagharimu eV 3.6. Ni chaji ya pikokulombi 0.24, kidogo mno, ila kikuza cha chaji chenye kapasita ya pikofaradi 1 kwenye njia ya kurudi kinaigeuza kuwa milivolti 240, na hizo unaziona kwenye chombo chochote. Kiweke karibu kabisa na fotodiodi, ndani ya bomba kama kitaingia. Kabla ya kuunga fotodiodi kijaribu peke yake: pitisha mruko wa milivolti 240 kupitia kapasita nyingine ya pikofaradi 1 mpaka kwenye ingizo. Umetengeneza alfa bandia ya 5.5 MeV isiyochoka wala kuyumba. Upana utakaouona kwenye kilele chake ni kelele ya elektroniki yako peke yake. Ungefanya hivi usiku ule ungejua saa mbili kwamba kikuza ni kizima, ukalala.

Kichanganuzi cha chaneli nyingi, chombo cha kupanga mapigo kwa vimo vyake, usinunue sasa. Kadi ya sauti ya kompyuta inatosha, mradi urefushe mapigo yako yafikie mikrosekunde mia moja hivi ili iyadake. Programu ya Theremino ni ya bure na inapanga vimo vya mapigo vizuri. Kwa sampuli dhaifu kama zako, mapigo hayatagongana.

Joto letu ni tatizo la kweli. Mkondo unaovuja kwenye silikoni huongezeka maradufu kwa kila nyuzi 8 hivi za joto, na mapigo marefu ya kadi ya sauti huubeba wote kama kelele. Lifunge bomba kwenye mfuko wa nailoni, lizamishe kwenye beseni la barafu ile ya wachuuzi wa samaki. Kutoka nyuzi 30 hadi 5, uvujaji unashuka mpaka kama moja ya nane. Ndani hakuna unyevu wa kuganda kwa sababu hewa umeshaitoa. Ukimaliza, liache lipate joto la chumba ndipo ulifungue, maana hewa ya Mombasa ikiigusa silikoni baridi itatoa jasho juu yake.

Sasa chanzo cha alfa, na hapa ndipo naona tasnifu yako inapoponea. King'ora cha moshi kiache dukani. Kile kikaratasi cha amerisiamu kimefunikwa tabaka la chuma, kwa hiyo kilele chake kinashuka na kutandaa, na kuking'oa ni kuhatarisha mapafu yako na kuvunja sheria bure. Wewe tayari una chanzo bora, na kilikuwa cha babu.

Tambi za zamani za karabai zilitiwa oksaidi ya thoriamu ili zing'ae nyeupe. Nyingi za siku hizi hazina. Kama ya babu ni ya zamani, thoriamu iliyomo inazaa kizazi baada ya kizazi mpaka thoroni, ambayo ni gesi. Gesi inatoka nje ya uzi. Ina nusu-uhai (muda wa nusu ya atomu zake kuvunjika) wa sekunde 56 tu, inavunjika ikazaa poloniamu-216, nayo kabla hujapepesa jicho ni risasi-212 (ile metali ya risasi, yenye mionzi). Hawa watoto wa gesi huzaliwa wakiwa na chaji chanya, yaani ukiwawekea kitu chenye chaji hasi watakimbilia pale wenyewe.

Chukua kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko unaobana. Utambi ulale chini ndani ya bahasha ya karatasi nyembamba, usiukate wala kuupepeta, vumbi lake lisiingie kifuani. Katikati ya mfuniko tia kijiti cha plastiki, na kwenye ncha yake kisahani cha alumini ulichokata kwenye kopo la soda, ukubwa wa shilingi ishirini, kikining'inia sentimita tatu juu ya utambi. Panga betri kumi za volti 9 kwa mfuatano, upande hasi kwenye kisahani, upande chanya kwenye kopo. Volti 90 zitakutikisa ukizishika, kwa hiyo weka kipinga cha megaohimu moja njiani. Funga usiku kucha. Asubuhi, juu ya alumini hutaona kitu, lakini pale pamekaa tabaka la risasi-212 lenye unene wa atomu tu. Ule wembamba ambao wenzetu wanautafuta kwa asidi, umeme umekupa ukiwa umelala.

Kitie kisahani ndani ya bomba, sentimita moja kutoka kwenye fotodiodi. Risasi-212 inazaa bismathi-212. Kati ya kila 100 za hizo, 36 hutoa alfa yenyewe, ya 6.05 na 6.09 MeV, na 64 hupitia poloniamu-212 yenye alfa ya 8.78. Utaona vilele viwili vimeachana kwa zaidi ya keV 2,600. Kwa umbali huo unamlipia nani kigunduzi cha keV 20? Hata chako kikiwa cha keV 100 hakuna atakayevichanganya. Zile 6.05 na 6.09 zitaungana kuwa kilele kimoja, ziache ziungane. Vilele viwili vinachora mstari wa kipimo, na chanzo cha kununua huhitaji.

Ukishaweza kwa utambi, ondoa utambi, weka udongo wa Mrima. Kama ndani yake kuna urani pia, kisahani kitaonyesha na watoto wa radoni, gesi ya ukoo wa urani: poloniamu-218 kwa 6.00, itakayojificha chini ya bismathi, na poloniamu-214 kwa 7.69, itakayosimama peke yake kati ya vilele vyako viwili na kutoweka baada ya saa chache.

Lakini uwe mkweli kwa msimamizi wako. Kisahani kinakwambia thoroni iliyotoka kwenye udongo. Hakikwambii thoriamu yote iliyomo, kwa sababu sehemu kubwa ya gesi hufia ndani ya punje. Kama lazima ujue thoriamu yote, hiyo ni kazi ya mionzi ya gama: sampuli iliyofungwa kwenye kopo mwezi mzima, kigunduzi cha iodidi ya sodiamu au germaniamu, na mstari wa 2,614 keV wa thali-208. Omba siku chache kwenye maabara nyingine yenye chombo hicho. Mimi ningekuwa wewe ningegeuza swali: udongo huu ukikandikwa ukutani unatoa thoroni kiasi gani, ukiwa mkavu, ukiwa na unyevu wa masika? Kwale watu wanalala ndani ya kuta hizo. Kuna mtu atataka kujua jibu, na wewe kwa bomba lako la inchi 2 unaweza kulitafuta.

Mawili ya kando. Mrima ni msitu wa kaya wa Wadigo, mahali patakatifu. Kama hukupitia kwa wazee, rudi ukajitambulishe kabla ya kuchota tena, hata kama una barua ya chuo. Na kwa kuwa unashughulika na vitu vyenye mionzi, mwambie msimamizi aandike kwa KNRA, mamlaka ya Kenya ya kudhibiti nyuklia, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2019, aeleze mnachofanya na aulize kibali kinachotakiwa. Fanya hivyo mwanzoni. Utafiti uliosimamishwa katikati haurejeshi muda.

Pesa: tenga kama 30,000 kwa fotodiodi mbili na ushuru wake, 10,000 kwa sehemu za kikuza na betri, 8,000 kwa bomba, valvu na gundi, 7,000 kwa fundi na pampu yake. Zikizidi kidogo, sawa. Zinazobaki ni karibu 30,000. Mrudishie mama 20,000 sasa, zingine ukae nazo kwa lile litakaloharibika. Na umweleze zilizobaki zimeenda wapi, kitu kwa kitu. Hakuuliza kwa sababu anakuamini, wala si kwamba hataki kujua.

Siku ya kwanza ukitoa kisahani kwenye kopo, kiache saa tatu nne ili bismathi ishikane na mzazi wake, kisha hesabu kwa dakika ishirini. Tuseme umeanza kuhesabu saa moja asubuhi. Kiache pale pale, usiguse kitu, uongeze barafu tu. Hesabu tena saa kumi na moja unusu jioni, dakika ishirini zilezile. Nusu-uhai wa risasi-212 ni saa 10.6. Kama kilele cha 8.78 kimebaki nusu, na asubuhi kilikuwa karibu mara mbili ya kile cha 6.05, basi ulichokikamata ni thoroni ya karabai ya babu. Nitumie hizo namba nne.